Sura ya Sita: Nyuzi Zinazopenda Maji

Kukhu ana mawe mawili ya kusagia karanga. Moja ni pana, limechimbika katikati kwa miaka ya kazi. Jingine ni la mviringo, linaenea kiganjani. Jioni moja ya msimu wa mavuno nilifika nyumbani kwake, nje kidogo ya soko la Naitiri, mahindi yakiwa bado yametandazwa uani juu ya maturubai, nikamkuta ameyainamia mawe hayo mawili. Karanga hazikuwapo. Alikuwa anasaga tembe mbili nyeupe, na zilikuwa zimekaribia kuwa unga.

"Kukhu, hiyo si dawa yako ya sukari?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona unaisaga?"

"Ni kubwa, mjukuu wangu. Inanikwama hapa." Akagusa koo. "Nikiisaga nikaitia kwenye uji, inapita. Ila siku hizi tumbo halinipi raha. Nikishaimeza, usiku natoka nje mara tatu, mara nne."

Nilikichukua kipakiti. Dawa ilikuwa metifomini, miligramu 500, na mbele ya tarakimu hizo kulikuwa na herufi mbili, XR. Maana ya herufi hizo ni kwamba tembe imetengenezwa iachilie dawa polepole, usiku kucha. Kukhu alikuwa ameitumia kwa miezi mitano, na katika miezi yote hiyo hakuna aliyempa sentensi moja: meza nzima, usiivunje. Metifomini ikishuka yote kwa mkupuo, huvuruga tumbo, na kuharisha ni mojawapo ya maudhi yake yanayojulikana sana. Jiwe la karanga lilikuwa limeondoa kinga ambayo wataalamu walikesha miaka wakiitafuta.

Usiku huo nilitumbukiza tembe moja nzima katika glasi ya maji ya uvuguvugu, nikaiweka juu ya meza karibu na taa. Baada ya dakika chache uso wake ulianza kung'aa kama uliopakwa mafuta. Baada ya saa moja ilikuwa imevimba na kuvaa koti zito, angavu, laini. Tulipoamka ilikuwa bado ipo, kubwa kuliko ilivyoingia, imelegea kama kamasi iliyoganda. Kukhu aliigusa kwa ncha ya kijiko, akakiinua, na uzi mwembamba wa ute ukafuata.

"Ee!" akasema. "Si hii ni murere?"

Sijasikia maelezo bora ya jambo hili, ingawa nimesoma mengi. Aliyewahi kula murere, au mrenda kama wengine wanavyouita, uliopikwa na kunde na magadi kidogo, anaujua ute ule unaovutika kutoka sahanini hadi mdomoni. Ute huo ni nyuzi ndefu za sukari zilizounganishwa, zenye kupenda maji mno. Kilichoizunguka tembe ya kukhu ni ndugu yake. Kiwandani kinaitwa haipromelosi, na chimbuko lake ni selulosi, kitu kilekile kinacholisimamisha bua la mhindi shambani.

Hapo pana fumbo linalostahili kutulia nalo. Bua la mhindi hunyeshewa na mvua za Naitiri kuanzia Aprili, wala haliyeyuki. Selulosi nayo ni uzi wa sukari, na sukari hupenda maji; mbona basi bua lisigeuke uji? Sababu ni kwamba nyuzi za selulosi zimenyooka na kushikana zenyewe kwa zenyewe, bega kwa bega, kama watoto wa shule walioshikana mikono kuvuka barabara. Maji hayana pa kupenya. Mkemia anachofanya ni kupachika vijitawi vidogo ubavuni mwa kila uzi. Vijitawi vinazitenganisha nyuzi, mikono inaachana, maji yanaingia katikati. Kitu kilichokuwa ukuni sasa kinavimba na kuwa ute. Wataalamu huziita nyuzi ndefu za namna hii polima, na hizi zinazopenda maji ndizo habari ya sura hii.

Ndani ya tembe, haipromelosi imechanganywa na dawa na kushindiliwa pamoja. Maji ya tumbo yanapoigusa, tabaka la nje huvimba kwanza na kuwa ute, na ute huo unayachelewesha maji yasifike ndani. Dawa iliyoyeyuka inabidi ijipenyeze katika ute ili itoke, mwendo wa mtu anayevuka tope. Upande wa nje ute unamomonyoka taratibu, na kwa ndani tabaka jipya linavimba. Kwa hiyo jambo linalomtia hofu mgonjwa anayeitumia kwa mara ya kwanza, yaani kuona kitu chenye umbo la tembe kikitoka chooni, mara nyingi ni ganda la ute lililobaki baada ya dawa kwisha kutoka. Kuna watu walioacha dawa kwa ajili ya ganda hilo, wakiamini mwili wao umekataa kuipokea. Sentensi moja ya muuza dawa ingewatosha.

Kwa muda mrefu nilidhani kilicho muhimu katika dawa ni dawa yenyewe, na vilivyobaki ni vya kujazia. Hata vijikaratasi vya ndani ya pakiti huvitaja mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, kama jamaa wa mbali kwenye tangazo la msiba. Lakini dawa ni abiria. Ashuke wapi, ashuke saa ngapi, afike mzima au afike ameharibika, anaamua anayembeba.

Chukua chupa ya maji ya kahawia iliyo katika kila zahanati kuanzia Kitale hadi Bungoma. Wengi huiita Betadine, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Jina la dawa ni povidoni ayodini. Ayodini inaua vijidudu tangu zamani, na wazee wanaikumbuka ile ya spiriti. Mwaka wa tohara Bungoma ni ule unaogawanyika kwa mbili, mwezi wenyewe ni Agosti, na babu yangu alisimulia kwamba alivumilia kisu bila kupepesa jicho, lakini siku ya pili alipopakwa ile dawa nyekundu alipiga yowe. Ayodini tupu iliyoyeyushwa katika spiriti huunguza nyama iliyo wazi.

Povidoni ni polima iliyotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Walter Reppe katika miaka ya 1930. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia madaktari wa Ujerumani waliitia kwenye mishipa ya majeruhi waliopoteza damu, ikae badala ya maji ya damu, kwa kuwa huyeyuka vizuri majini na uzi wake ni mrefu, hautoki upesi mwilini. Mwaka 1955, Marekani, ikaonekana kwamba uzi huohuo hukumbatia ayodini na kuiachilia kidogo kidogo. Dawa ya kawaida ya asilimia 10 ina ayodini ya kufanya kazi asilimia 1 tu, na hata hiyo si yote iliyo huru kwa wakati mmoja. Nyingi imeshikwa na uzi. Vijidudu vinapoitumia ile iliyo huru, uzi unaachilia nyingine. Ndiyo maana kidonda hakiungui kama zamani, na ndiyo maana kazi inaendelea baada ya pamba kuondolewa. Rangi nayo inasema kitu: kahawia ikififia juu ya kidonda, ayodini imekwisha kutumika. Agosti hiyo ya babu ingekuwa nyepesi zaidi kwa kuongezwa uzi tu. Vijidudu vingeuawa na ayodini ileile.

Sasa sindano ya miezi mitatu, yaani Depo. Naitiri, kama kwingineko Kenya, Depo na kipandikizi ndizo njia za uzazi wa mpango wanazochagua wanawake wengi. Ukikaa kwenye benchi la kliniki utamwona muuguzi akichukua kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba. Kikiwa kimetulia, chini pana masimbi meupe na juu pana maji. Anakitikisa kwa nguvu mpaka chote kinakuwa cheupe kama maziwa, kisha anavuta.

Yale meupe ni chembechembe za homoni isiyopenda maji hata kidogo, miligramu 150 katika mililita 1. Zikiachwa peke yake ndani ya maji zingejikusanya mabonge, zingeziba sindano, na kila mwanamke angepata kipimo chake: huyu kingi, yule kidogo. Ndani ya mililita hiyo kuna pia miligramu 28.9 za polietileni glikoli, ambayo wataalamu huiita PEG, pamoja na kisabuni kidogo cha kuzilowesha chembe. PEG ni uzi rahisi kuliko nyuzi zote nilizozitaja. Kiungo kimoja kinajirudia, na kila kiungo huvuta molekuli mbili au tatu za maji na kutembea nazo. Ile ya Depo inaitwa 3350, na namba hiyo ni uzito wa wastani wa uzi mmoja. Gawanya kwa 44, uzito wa kiungo kimoja, utapata viungo kama 76. Nyuzi hizo na maji yake huwezesha chembe zikae zimetawanyika kwa muda wa kutosha muuguzi avute na kuchoma.

Homoni ikishafika kwenye msuli, kinachoifanya idumu miezi 3 ni ugumu wake yenyewe wa kuyeyuka, na nalisema hili ili PEG isipewe sifa isiyo yake. Yenyewe huondoka mapema. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kipimo kimefika sawasawa, nayo imeimaliza. Kwa sababu hiyo muuguzi asiyetikisa kichupa amempa mwanamke dawa nyingine kabisa na ile iliyoandikwa. Na kwa sababu ya chembe zilizotulia mahali pamoja msulini, mwanamke huambiwa asisugue mahali palipochomwa, ingawa mkono wenyewe unataka kusugua. Hili angalau nimelisikia likisemwa, tena kwa sauti ya ukali, na nilifurahi kulisikia.

PEG fupi nayo ina kazi yake. Ile inayoitwa 300, yenye viungo sita au saba tu, ni kimiminika. Ndani yake, pamoja na maji kidogo, huyeyushwa lenakapaviri, dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, sindano 2 za mililita 1.5 kila moja, chini ya ngozi ya tumbo au paja. Kinachotokea chini ya ngozi kinanivutia kila ninapokifikiria. PEG inapenda maji kuliko inavyompenda abiria wake, hivyo inaondoka na kutawanyika katika majimaji ya mwili. Lenakapaviri, ambayo maji haiyawezi, inabaki bila mwenyeji na kuganda palepale. Inakuwa ghala dogo ambalo mwili unachota kwa miezi 6. Wengine huligusa kwa kidole na kuhisi kinundu, wakaogopa. Kinundu hicho ni ghala lenyewe.

Matokeo ya ghala hilo tuliyaona Juni 2024. Katika utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, kati ya 2,134 waliochomwa lenakapaviri hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna hata mmoja. Mtu aliyekulia magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, akahudhuria mazishi Jumamosi baada ya Jumamosi, hawezi kuisoma sifuri hiyo akiwa ametulia kwenye kiti.

Kuna hatua nyingine, kubwa zaidi, ambapo uzi haubebi dawa kama kikapu bali unashonwa nayo. Wazo hilo lilikuwa la Frank Davis wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na makala zake za kwanza na wenzake zilitoka 1977. Shida yake ilikuwa hii: protini ya kigeni ikitiwa mwilini hushambuliwa na askari wa damu, na iliyo ndogo huchujwa na figo ikatoka na mkojo. Davis aliifunika protini kwa nyuzi za PEG. Kila uzi ulijivika maji, na protini ikawa kama imejificha ndani ya wingu. Askari walipita wasiitambue, figo zikaiona kubwa mno kuichuja. Mwaka 1990 dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani, kwa watoto wachache waliozaliwa bila kimeng'enya kinacholinda chembe zao za kinga. Kimeng'enya walichopewa kilitoka kwa ng'ombe, kikiwa kimefunikwa. Baadaye wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakichomwa sindano za intaferoni mara 3 kwa wiki wakaanza kuchomwa mara 1. Wingu lina mwisho wake, hata hivyo. Miili ya baadhi ya watu hujifunza kuitambua PEG na kuikataa, na wachache sana hupata mzio mkali. Chanjo mbili za Korona za Pfizer na Moderna zilikuwa na PEG kidogo kwenye vijifuko vyake vya mafuta, na mtu mwenye mzio huo aliambiwa asichomwe.

Nimezisifu nyuzi hizi vya kutosha, na sasa inabidi niseme kuhusu jamaa yao mmoja. Ukichukua viungo vya PEG na kuunganisha viwili tu badala ya 76, unapata daiethileni glikoli. Ni kimiminika kitamu, cha bei nafuu, kinachotumika kwenye mitambo, na kinaua figo. Unga wa PEG ndefu hupewa hata watoto wenye choo kigumu, gramu kadhaa kwa siku, kwa kuwa uzi huo haufyonzwi na utumbo. Unashikilia maji, unalainisha, unatoka. Familia ni moja, kiungo ni kilekile, tofauti ni urefu. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza dawa ya salfa kwa njia ya maji, ikaiyeyusha katika daiethileni glikoli bila kuijaribu, na watu zaidi ya 100 wakafa. Salfa haikuwa na kosa. Kilichowaua ni kilichoibeba. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo baada ya kunywa dawa za kikohozi na homa zilizochafuliwa na sumu hiyohiyo. Ilikuwa imepita miaka 85. Mzazi hawezi kuionja sumu akaijua, kwa kuwa ni tamu. Ulinzi wake pekee ni kiwanda kinachopima kila pipa la kimiminika kinachoingia, na maabara ya serikali inayokipima kiwanda chenyewe. Ninaposikia mtu akisema kwamba bodi za kusimamia dawa ni urasimu wa kuchelewesha biashara, huwa nafikiria chupa ndogo za sharubati juu ya kabati za akina mama wa Gambia.

Kutoka Naitiri unapita Kitale, halafu Kapenguria, unashuka milima hadi joto la Turkana, na ukiwa Lodwar kuna watu wanaokusanya utomvu kwenye migunga. Tone limekauka juu ya gome, la rangi ya asali. Ukilitia majini linayeyuka lote na kuacha kimiminika kinachonata. Gundi hiyo ya mgunga ni polima inayopenda maji ambayo wafamasia wameitumia tangu kabla ya polima kuwa na jina, kushikilia mafuta yasijitenge na maji na kuifunga tembe isimeguke. Inatoka umbali wa siku moja ya basi kutoka hapa. Mahindi ya Kitale nayo yana wanga, na wanga umo kwenye tembe nyingi mno, ukivimba tumboni na kuipasua tembe ili dawa itoke. Lakini viwanda vya dawa vya Kenya huagiza sehemu kubwa mno ya malighafi yake kutoka nje, hasa India na China. Sidai kwamba gunia la mahindi linageuka wanga wa kiwango cha dawa kwa kutamani. Usafi wake, kipimo chake na cheti chake ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Nasema tu kwamba mlangoni mwetu pana vitu viwili kati ya vinavyohitajika, na ningependa kuiona siku mtu atakapoanza kuvisafisha kwa kiwango hicho.

Kukhu alitaka kurudi kwenye tembe za kawaida, zisizo na XR, ambazo angeweza kuzisaga bila madhara makubwa. Nilimpeleka kliniki. Tabibu alimsikiliza, akamwambia kwamba hilo linawezekana, ila itabidi ameze asubuhi na jioni badala ya jioni peke yake. Kukhu akafikiri. Asubuhi huwa shambani kabla ya jua, na hali chochote mpaka saa nne.

"Hapana," akasema. "Niache na hizi za usiku. Nitatafuta njia."

Njia aliipata mwenyewe, nami niliiona wiki iliyofuata. Dawa hii humezwa pamoja na chakula cha jioni, na jioni hiyo chakula kilikuwa ugali na murere. Aliketi wima kabisa, akala matonge mawili matatu kwanza. Halafu akafinyanga tonge dogo, akalichovya murere mpaka likafunikwa lote, akaikandika tembe moja juu yake. Akafumba macho kidogo. Akameza, akashushia maji, akasubiri, mkono ukiwa kooni kama kawaida yake.

"Imepita?" nikauliza.

"Imeteleza," akasema, akaanza kufinyanga tonge la pili.